Je, Wajua? Baiskeli za Msituni na Maana Mbili za Uwezo

Je, wajua kwamba jina Kibera maana yake ni msitu?

Neno lenyewe ni kibra, nalo ni la Kinubi, lugha ya wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Keya, yaani King's African Rifles la Waingereza. Askari hao walipopewa mahali pa kutulia pembeni mwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, walichokikuta ni miti, wakapaita kwa hiyo miti. Mwaka 1918 eneo hilo lilitengwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi ya zaidi ya ekari 4,000. Igeuze hesabu hiyo kuwa hekta upate zaidi ya 1,600, yaani Kibera ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko msitu wa Karura wa leo, wenye hekta elfu moja na ushei. Jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati miliki mwaka 2017, ekari zilizoandikwa zilikuwa 288. Jina ndilo lililobaki zima. Eneo bunge lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013 linaandikwa Kibra, jinsi wazee wa Makina, ndani ya Kibera, wanavyolitamka.

Kawangware nayo ni mtoto wa porini. Ngware kwa Kikuyu ni kwale, yule ndege wa vichakani anayewika kabla ya jua kuchomoza. Siku hizi anayewika alfajiri pale stendi ya matatu za 46 ni makanga.

Nimeanza na majina kwa sababu nataka kuzungumza juu ya baiskeli za msituni, na najua msomaji wa Lindi ya Kibera au wa Gatina ya Kawangware atauliza mambo hayo yanamhusu nini. Msitu wa Ngong Road uko mgongoni mwake. Kutoka Makina hadi kwenye miti, kwa baiskeli nzima na breki zinazoshika, si mwendo wa kubeba chakula.

Je, wajua kwamba njia za baiskeli msituni zina rangi kama mikanda ya karate?

Mbuga za misitu za Ulaya na Marekani huweka ubao langoni: njia zetu ni za watu wa kila uwezo. Uingereza kijani ni njia rahisi, buluu ni ya wastani, nyekundu ni ngumu, na nyeusi ni ya wale ambao mama zao wamekwisha kukata tamaa. Marekani wana duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi. Ukiona almasi mbili pamoja, geuza baiskeli urudi nyumbani. Mfumo huu uliazimwa kutoka kwa watu wanaoteleza kwenye theluji, mchezo ambao wengi wetu Nairobi tumeuona kwenye televisheni tu.

Rangi hizo zina vipimo vyake. Mwongozo wa IMBA, chama cha kimataifa cha waendeshaji wa baiskeli za milimani, unaanzia kwenye upana. Njia ya kijani iwe na sentimita 90 hivi, ya buluu 60, na nyeusi inaweza kubana hadi 30, ambao ni urefu wa rula ya mwanafunzi. Mteremko nao unapanda, kwa wastani asilimia 5 kwa kijani, 10 kwa buluu, 15 kwa nyeusi. Huhesabiwa pia mawe, mizizi na vizuizi ambavyo mtu hana namna ya kuvikwepa.

Sasa chukua kipimo hicho uende nacho Kibera. Barabara mpya inayounganisha Ngong Road na Lang'ata, ile ambayo nyumba zilibomolewa Julai 2018 ili ipite, ni kijani kabisa: lami, mteremko mpole, nafasi ya miguu na baiskeli pembeni. Kando ya reli ni buluu, kwa sababu ya kokoto na ya wauzaji waliotandaza viatu hadi kwenye mataruma. Kuteremka Gatwekera kuelekea mtoni baada ya mvua ya Aprili, penye ngazi za udongo na mawe yaliyopangwa kama meno mabovu, hiyo ni almasi nyeusi. Na vipo vichochoro ambavyo hata ile rula ya nyeusi inaingia kwa shida, maana mwenyewe unapita kwa kugeuza bega. Vijana hushusha humo baiskeli zenye mitungi ya maji ya lita ishirini, na hakuna aliyewahi kuwawekea ubao wa rangi.

Nalipenda neno letu hapa kuliko la wenye mabao. Kwa Kiswahili uwezo ni ustadi, na uwezo ni pesa. Mtu mwenye uwezo anaweza kuwa fundi wa kushuka mlima na anaweza kuwa mwenye gari mbili. Ukisema njia hii ni ya watu wa kila uwezo, umetoa ahadi mbili kwa pumzi moja, na mbuga nyingi zinatimiza ile ya kwanza tu.

Je, wajua kwamba mchezo wa baiskeli za milimani ulianza na breki zilizoungua?

Watu wengi hudhani ulianzia kwenye maabara ya kampuni fulani. Ulianza kwa vijana wa California waliokuwa wakiokota baiskeli nzito za miaka ya 1930, zile Schwinn za kupelekea magazeti, na kushuka nazo njia ya vumbi karibu na mlima Tamalpais. Shindano la kwanza lilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Baiskeli hizo zilifungwa breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: unakanyaga pedali kinyumenyume, gurudumu linashika. Kufika chini, joto lilikuwa limegeuza grisi yote kuwa moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kushindiliwa grisi upya. Ndiyo maana mashindano yakaitwa Repack, yaani kushindilia upya. Ilichukua miaka 20 tu kutoka moshi huo hadi mchezo kuingia kwenye Olimpiki, Atlanta mwaka 1996.

Nikisoma habari za Repack, akili yangu hunipeleka Goma. Huko Kivu Kaskazini kuna chombo kinachoitwa chukudu, kimechongwa kwa mbao tangu usukani hadi magurudumu, na magurudumu yamevikwa mpira wa tairi kuukuu. Hakina pedali wala cheni. Mwenyewe hupiga goti moja kwenye ubao, akasukuma ardhi kwa mguu wa pili, akateremka kutoka mashamba ya juu na mamia ya kilo za viazi, kabichi au makaa. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Nacho hutoa moshi. Goma wamekijengea chukudu sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, heshima ambayo sijaona mji mwingine wa Afrika Mashariki ukiipa baiskeli. Tofauti ya Goma na California haimo kwenye moshi. Wale walishuka ili wacheke, hawa wanashuka ili watoto wale, na ustadi wa mikono ni ule ule.

Hadithi hizi mbili zilikutana kwa njia ya kushangaza. Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa California waliotengeneza fremu za mwanzo za baiskeli za milimani, alizuru Rwanda mwaka 2005, akakuta watu wanateremka milimani na vyombo vya mbao vya namna hiyo. Mwaka uliofuata akasaidia kuandaa mashindano ambayo vyombo vya mbao vilipewa mbio zao wenyewe. Kutokana na safari hiyo ikazaliwa timu ya taifa iliyomtoa Adrien Niyonshuti, kijana aliyenusurika mauaji ya kimbari ya 1994. Alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London mwaka 2012, akashindana, tena kwenye baiskeli za milimani, na akamaliza mbio. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Je, wajua kwamba neno boda boda lilikuwa la baiskeli kabla ya kuwa la pikipiki?

Lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia, penye eneo la katikati lisilo la nchi yoyote. Wenye baiskeli waliwapakia abiria kwenye keria kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilikuja baadaye, zikachukua abiria na jina pia.

Na kwa kuwa tuko kwenye majina: Mluo wa Kisumu Ndogo huita baiskeli ndiga. Mganda huiita eggaali, Mnyarwanda igare, wote wawili wamelitoa kwenye gari. Waswahili wa Katanga husema kinga. Sisi tuliobaki na baiskeli ndio tulioazima kwa Mwingereza bila hata kubadilisha nguo.

Je, wajua kwamba bingwa wa Tour de France mara nne alijifunza kwa Mkenya, jirani kabisa na Kawangware?

Christopher Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa mvulana, mama yake alimkutanisha na David Kinjah, mwendeshaji aliyeiongoza timu ya Kenya na ambaye nywele zake za rasta zinatambulika kabla ya baiskeli yake. Kinjah alikuwa akiishi Kikuyu, kilomita chache kutoka Kawangware ukifuata barabara ya Naivasha, na nyumba yake ndogo ilijaa fremu, spoki na watoto wa majirani. Pale hupewi baiskeli ukapande tu. Kwanza unajifunza kuifungua na kuirudisha. Froome alianza kama wenzake, kwa baiskeli za milimani kwenye vijia vya udongo mwekundu vya nyanda za juu, akifukuza gurudumu la Kinjah kwenye milima ambayo hewa yake ni nyepesi. Aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006. Miaka miwili baadaye akahamia bendera ya Uingereza, na akashinda Tour mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Magazeti yetu hupenda kumalizia hadithi hii kwa kusikitika kwamba tulimpoteza. Mimi huwafikiria wale watoto wengine wa uani kwa Kinjah. Walipanda milima ile ile, kwa mwalimu yule yule, kwenye mwinuko ule ule wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mmoja tu, Froome, aliondoka kwenda shule ya bweni Afrika Kusini, akapata klabu, mashindano na tiketi ya ndege. Uwezo wa miguu walikuwa nao wengi. Kinjah hajaacha kazi hiyo. Chama chake cha Safari Simbaz kimeendelea kuwafunza vijana kuendesha na kutengeneza baiskeli.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa njia ya baiskeli ni maji?

Wageni wa msituni hudhani ni magurudumu. Wajenzi wa njia wana kanuni moja wanayoishika kuliko zote, kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa mlima. Ubavu ukiwa na asilimia 20, njia isizidi 10. Ukiivunja, ukaishusha njia moja kwa moja kufuata mteremko, mvua ya kwanza itaigeuza mfereji, ya pili itaitoa mizizi nje, na ya tatu utakuwa na korongo. Njia nzuri hukata ubavu kwa mshazari, ikiinamia kidogo upande wa bonde ili maji yapite juu yake na kwenda zake bila kugeuka kuwa msafiri mwenzako.

Kibera ilijengwa bila kanuni hiyo, na yeyote aliyepita Mashimoni wakati wa masika anajua matokeo. Vichochoro vingi vinafuata njia ya maji, mtaro ukiwa katikati na watu wakitembea kwa kuutanulia miguu. Mto Motoine hushuka kutoka upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong Road, ukapita Kibera kuelekea bwawa la Nairobi, lile lililochimbwa miaka ya 1950 na ambamo wakati mmoja watu walitweka tanga. Mvua inayonyesha kwenye miti hufika kwa wenye mabati.

Udongo nao una maneno yake. Magharibi ya jiji, Kawangware na Dagoretti, ni mwekundu wa volkano: ukikauka ni unga, ukilowa unateleza kama sabuni, lakini unanyonya maji haraka. Ukielekea kusini na mashariki unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo usijaribu kwa baiskeli baada ya mvua. Hunata kwenye tairi, ukajaa kwenye breki, na baada ya hatua hamsini wewe ndiye unayeibeba baiskeli.

Je, wajua kwamba msitu wa Ngong Road umepoteza zaidi ya nusu yake?

Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo zimebaki 1,200 hivi. Zilizoondoka ziligeuka uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, shule, makaburi ya wanajeshi wa vita, mitaa ya nyumba, na viwanja ambavyo ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma ilivieleza kwa lugha isiyo ya kubembeleza. Halafu ikaja barabara ya Southern Bypass, inayotoka Kikuyu hadi Barabara ya Mombasa, ikapita katikati ya kilichobaki.

Hata hivyo kilichobaki si haba. Ipo mikinduri, upo mzeituni mwitu, na upo muhugu, ambao watu wa pwani huuita muhuhu na wachongaji wa Ukambani wanaupenda kwa ugumu wake. Upande wa Racecourse, ambako farasi wamekimbia tangu 1954, na upande wa Miotoni, kuna vijia vya miguu, vya farasi na vya baiskeli. Kwa miaka mingi jina la msitu huu lilitajwa zaidi kwenye taarifa za polisi kuliko za utalii, na mzee wa Kibera aliyekukataza kuingia peke yako alikuwa anakupenda.

Karura ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1998 watu waligundua msitu ule umegawiwa wenye nguvu. Profesa Wangari Maathai akaongoza maandamano ya kwenda kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na wahuni langoni, akapasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi na kutia sahihi kwenye taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Sheria ya misitu ya 2005 ikaruhusu wananchi kuunda vyama vya kushirikiana na serikali kulinda misitu, Karura ikapata chama chake na ua wa umeme, na vijana wa Huruma, kitongoji maskini kilichoko ukingoni mwa msitu, wakaajiriwa kuwa walinzi. Waliokuwa wakishukiwa kukata miti ndio waliopewa sare ya kuilinda. Siku hizi kuna baiskeli za kukodi, makutano ya njia yana namba, na ukipotea unamwambia mlinzi namba uliyoisimamia.

Barabara nyingi za ndani ya misitu hii hazikukatwa kwa ajili ya matembezi. Serikali ya kikoloni ilipanda mikaratusi kuzunguka Nairobi kwa sababu vichwa vya treni vilikula kuni, na kuni zilihitaji njia ya kutokea. Baiskeli ya kukodi leo inapita kwenye hizo hizo njia za kuni.

Kuna ada langoni, na kukodi baiskeli ni juu ya hiyo. Kwa familia inayoshuka kwenye Prado ni hela ya soda. Kwa mtu wa Kawangware mwenye watoto watatu ni chakula cha siku, na ndiyo sababu jioni ya Jumamosi utamkuta mwanawe kwenye Southern Bypass, ameegemea usukani, akishindana na malori. Anaendesha vizuri kuliko wengi waliolipa. Mimi nasema waziwazi: watunzaji wa misitu yetu wangetenga siku moja kwa mwezi kwa watoto wa vitongoji vinavyopakana nayo, bila ada, na njia ya kijani iliyowekewa alama. Huruma imekwisha kuonyesha kwamba jirani aliyekaribishwa hulinda kuliko ua.

Je, wajua kwamba baiskeli ya mikono inafanya kazi kwetu pia, si huko inakosifiwa tu?

Siku hizi mbuga za ng'ambo hujivunia njia zilizopanuliwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu. Njia inataka upana wa mita moja hivi, isiinamie upande mmoja sana, na isiwe na ngazi. Ni jambo jema. Lakini mpaka wa Goma na Gisenyi umejaa wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu wanaovuka kwa vigari vya magurudumu matatu, wakizungusha pedali kwa mikono, nyuma wamepakia unga na mafuta ya kupikia hadi huoni kichwa cha dereva. Hapa kwetu Chama cha Walemavu Kenya, APDK, kipo tangu 1958, na karakana zake hutengeneza viti vya magurudumu na vigari. Kinachokosekana Kibera ni njia. Mwenye kigari wa Laini Saba anafika kwenye lami akisukumwa na watu wawili.

Je, wajua kwamba Kilimanjaro imekwisha kupandwa kwa baiskeli?

Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, walifika kileleni na baiskeli zao ili kuchangisha pesa za misaada. Kusema kweli, sehemu kubwa ya njia ni baiskeli zilizowapanda wao mabegani. Kama unataka kuendesha kweli, nenda Hell's Gate, Naivasha: hifadhi ya kilomita za mraba 68, pundamilia na twiga kando ya njia, na baiskeli zinaruhusiwa.

Je, wajua upepo wa tairi unapaswa kuwa kiasi gani?

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu lilinigharimu ngozi ya kiwiko. Nilinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, yenye springi za mbele, nikaijaza upepo kwenye kituo cha petroli hadi tairi likalia likigongwa kwa kidole. Kwenye lami ilikwenda kama ndege. Nilipoingia msituni, kwenye kona ya kwanza yenye mizizi iliyolowa, gurudumu la mbele lilipita kushoto na mimi nikapita kulia.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wa Kawangware anayekaa chini ya mwavuli ulioandikwa jina la kampuni ya simu. Tyubu ilikuwa imetoboka pia. Hakuwa na haraka. Aling'oa tairi kwa mishikio miwili ya vijiko iliyokatwa, akaivuta tyubu kama utumbo wa mbuzi, akaipuliza, akaizamisha kidogo kidogo kwenye karai la maji ya kijivu huku akiizungusha. Mstari mwembamba wa viputo ukapanda. Akaweka kidole hapo, akapangusa kwa kipande cha fulana, akakwaruza kwa msasa, akapaka gundi na kuipuliza hadi ikapoteza mng'ao. Kiraka alikikata kutoka tyubu nyingine iliyokufa. Alikigonga kwa nyundo mara nne juu ya kipande cha reli.

"Mkubwa, ulijaza ngapi?"

Nikamwambia.

Akacheka bila kuinua kichwa. "Hiyo ni ya kubeba mkate. Ya msituni unaiacha ilegee kidogo, ishike mizizi. Ukiibonyeza kwa gumba, iingie."

Vitabu vinakubaliana naye: baiskeli ya mlimani kwa kawaida hutaka kati ya 20 na 30 kwa kipimo cha psi, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na ile ya barabarani. Yeye hana kipimo, ana gumba. Nilimuuliza kama amewahi kuendesha msituni, maana baiskeli za huko humfikia kila wiki. Akasema bado, Jumamosi ndiyo siku yake ya kazi nyingi.

Basi ukienda, toa upepo kidogo kabla ya kuingia langoni, piga kengele kwenye kona, mpishe anayepanda na mwenye farasi. Na ukimjua fundi wako, mwalike.